Motokari Mbili Mlangoni kwa Mama Ngalula

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi tena hapa duniani. Nimeona kilima kikigeuzwa shimo, na shimo likigeuzwa ziwa. Nimeona bendera zikishuka na nyingine zikipanda, na pesa zetu zikibadilishwa majina mpaka mdomo ukachoka kujifunza. Nilianza kwa kuziba pine, mipira ya baisikeli za watu, nikiwa sina viatu, na leo nina malori yanayopeleka unga mpaka Kisenge, jina langu limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu, na shule yenyewe niliiona kwa dirisha tu. Basi mwezi uliopita, tulipokuwa kwenye kilio cha jirani yetu hapa Kolwezi, akafika mkwe wangu, mume wa binti yangu wa kwanza, kutoka Lubumbashi, na motokari mpya ya Kijapani. Vioo vinapanda na kushuka kwa kubonyeza kidude, ndani kuna baridi kama chumba cha kuwekea maiti. Sikushangaa. Mvua ikaanza, naye akamfungulia bibi yangu mlango wa mbele, yeye mama mkwe wake, akamketisha pale ubavuni, goti karibu na goti, wakawa wanakula karanga kutoka karatasi moja wakingoja mvua ipite. Sikushangaa pia. Nilikasirika. Kushangaa na kukasirika ni vitu viwili, usivichanganye.

Aliyenichoma ni Damiani. Huyu ni mzee mwenzangu, karani wa zamani wa ofisi za Kampani ya machimbo, aliyehamia Likasi miaka mingi iliyopita, na Kifaransa chake mpaka leo kimenyooka kama suruali iliyotoka kwenye pasi. Naye alikuja kumlilia marehemu. Akaitazama ile motokari, akanitazama mimi, akapaza sauti mbele ya watu wote waliokuwa wamejibanza barazani: "Feliksi, mukwetu! Unaona? Bibi yako mwenyewe anakula karanga na bukwe mu motokari moya. Mi nilikuwa na haki. Nilikuya tu mbele ya wakati!" Watu wakacheka mpaka wenye msiba wakageuka kutazama. Kwenye kilio mtu hagombani. Nilinyamaza, nikanywa chai yangu. Lakini kunyamaza si kukubali, na kwa sababu najua Damiani anasoma kila kitu kinachoandikwa, najibu hapa.

Ilikuwa mmoja wa miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, ndevu zangu bado zilikuwa zinatafuta mahali pa kuota. Nilikuwa fundi wa pine katika garaji ya Mgiriki mmoja. Nyuma ya garaji palikuwa na motokari ya Kimarekani ya kabla ya vita, imeachwa kwenye nyasi, kuku wanataga juu ya viti. Nilimwomba Mgiriki anipe. Akacheka, akasema chukua, lakini Jumapili zako zote ni zangu. Nikafanya kazi Jumapili zote bila mshahara mpaka hata padri akaacha kuniuliza ninasali wapi. Vyuma nilivitafuta kwenye takataka za machimbo, tangi lilipovuja nililiziba kwa sabuni, na siku ilipowaka mara ya kwanza ilitoa moshi uliowafukuza wale kuku mpaka barabara kubwa. Nikaiita Nkambo, yaani babu. Ilikuwa ndefu miguu kama korongo, magurudumu membamba, tumbo lake juu kabisa ya ardhi. Mbele walikaa watu wawili chini ya paa la turubai. Nyuma, mahali ambapo motokari nyingine zinaweka mizigo, ulifungua kifuniko na ndani yake kilikuwamo kiti kingine cha watu wawili, nje kabisa, chini ya mbingu, kimetengwa na dereva kwa ukuta wa chuma. Kuiwasha, unasimama mbele na kuzungusha manivele kwa mkono, na ukikosea inakuvunja kidole. Hiki changu kilichopinda ni ushahidi.

Motokari ya Damiani ilikuwa mpya, ya Kifaransa, milango minne, rangi ya maziwa, ambayo ofisi ilimkopesha. Nasema kweli, ilikuwa nzuri. Ilikuwa na saa ndani, na kisahani cha majivu ingawa Damiani havuti, na ukifunga mlango ulisema "puf", kama mtu aliyeshiba. Mlango wa Nkambo ukifungwa mbwa wa site nzima, mtaa wetu wa wafanyakazi, walibweka. Makarani wenzake waliizunguka wakiigusa kwa vidole viwili, kama wanagusa shavu la mtoto mchanga. Mimi nililala chini yake siku moja alipoleta pine, nikaangalia tumbo lake. Lilikuwa chini sana, nyaya zote za moto zimening'inia karibu na barabara. Nilimwambia, "Damiani, hii ni ya njia ya lami." Akanijibu, "Lami itakuya, Feliksi. We baki na museum yako." Lami yenyewe, mpaka naandika haya, bado tunaingoja mahali pengi.

Sote wawili tulikuwa tunamtaka Veronika. Hapo ndipo shida ilipokuwa. Veronika alikuwa binti wa Mama Ngalula, mjane wa mfanyakazi wa machimbo aliyetoka Kasai, na walikaa site katika nyumba ya matofali ya vyumba viwili, yenye pazia la maua mlangoni badala ya ubao. Kila mmoja wetu alikwisha kupiga hodi na kutoa zawadi ya kwanza, na hakuna aliyekubaliwa wala kukataliwa. Nikienda pale nilikaa barazani, nimeupa mlango mgongo. Veronika aliniletea bukari ya moto, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki mkavu aliyepikwa na nyanya, akaniwekea maji ya kunawa na kuondoka. Mama yake sikumwona uso. Hii ndiyo bukwe, heshima ya ukwe, na mkwe mwenyewe tunamwita hivyo hivyo, na kwetu wa kaskazini mwa Katanga ilikuwa kama kwao wa Kasai: mwanaume hakai pamoja na mama wa mwanamke wake, hali naye, hamtazami machoni, na kumgusa ni balaa la kulipiwa faini. Mkikutana njiani mmoja anaingia majanini. Ukimtaka binti, unaanza kumwogopa mama tangu siku ya kwanza ya kutia mguu kwake. Vijana wa leo wanasema ni ujinga. Mimi nasema ni ukuta uliozuia nyumba nyingi zisianguke, na sijaona walichojenga wao mahali pake.

Lakini masikio hayana bukwe. Siku moja nikila pale barazani niliwasikia nyuma ya pazia, Mama Ngalula na jirani yake Mama Kapinga, wakichambua maharagwe na kutuchambua sisi. "Ule karani iko na motokari ya kupendeza, mama," alisema Mama Kapinga. "Mule ndani hata kitambala haiwezi kupata vumbi." Mama Ngalula akajibu, "Inapendeza. Lakini iko chini sana, sawa vile inaomba musamaha ku njia." "Na ya huyu anakula hapa?" "Ya huyu? Inalia sawa mashini ya kusaga mihogo! Angalau unasikia anakuya. Unapata wakati ya kuingia mu nyumba mbele afike." Wakacheka wote wawili, na mimi samaki akanikwama kooni. Kisha Mama Kapinga akashusha sauti, lakini si vya kutosha: "Na ni mutu wa hapa, haiko mutu wa kwetu. Ndugu zako watasema nini?" Maharagwe yakasikika yakianguka kwenye bakuli. "Baba ya mutoto alikufwa," alisema Mama Ngalula. "Sasa neno iko kwa kaka yangu kule Tenke. Ye akisema karani, ni karani. Ye akisema huyu wa makelele, ni wa makelele." Nilimaliza bukari yote, nikalamba vidole. Nilikuwa sijawahi kusikia jina la Tenke likipiga moyo namna ile.

Basi masika yalipokuwa katikati, ikaja habari kwa watu wa reli: kaka yake Mama Ngalula, aliyekuwa kapita, msimamizi wa mafundi wa njia ya treni huko Tenke, anaumwa sana, dada yake afike haraka. Treni ilikuwa imekwisha kupita asubuhi ile ile, na nyingine haikuwa ya karibu. Habari ya namna hiyo katika site haihitaji miguu. Nilizungusha manivele na kuondoka garajini bila kumuaga Mgiriki, na nilipofika mlangoni kwa Mama Ngalula nikakuta rangi ya maziwa imekwisha kusimama pale, imeoshwa, na Damiani na tai yake anashika mlango wa mbele. Mvua nyepesi ilikuwa inaanguka. Majirani walikuwa wametoka wote, maana motokari mbili mlangoni kwa mjane mmoja si jambo la kila siku.

Mama Ngalula alitoka na kitambala cha kichwa amekishusha mpaka puani, Veronika amebeba kikapu. "Karibu mama, panda hapa mbele," alisema Damiani, "kiti ni laini, hakuna mvua, hakuna upepo." Mama akasimama. Alipoona hivyo Damiani akafungua mlango wa nyuma. "Basi huku nyuma, mama. Mi nitaangaria njia tu." Mama Ngalula aliinama, akachungulia ndani kama mtu anayechungulia kisima, akamwambia Veronika, maana yeye mwenyewe hakusema na Damiani moja kwa moja: "Muulize, kile kioo kidogo pale yulu kinaangaria nani?" Watu wakacheka. Kioo cha dereva, ndugu msomaji, kile cha kutazama nyuma! Safari nzima ya Tenke, macho ya karani ndani ya macho ya mama wa binti, wamefungiwa kwenye sanduku moja, wanapumua pumzi moja. Damiani akapandwa na damu, akasahau kwamba anaomba mke. "Mama, ile ni mambo ya bankambo, ya mu mugini, ya kijiji! Sisi ni bantu ya kisasa. Mu motokari hamuna bukwe!"

"Mu motokari muko bantu," alisema Mama Ngalula.

Hapo nikafungua kifuniko cha Nkambo. Sikusema neno, maana sikuwa na haki ya kumsemesha. Nilitandika gunia kavu kwenye kiti cha nje, nikaweka turubai la kufunika magoti na mwavuli mkubwa wa Mgiriki, ambao hakujua kwamba ametoa. Nikaenda mbele, nikasimama nimeelekeza uso kwenye manivele. Nyuma yangu nikamsikia Veronika anasema, "Mama, panda fasi moyo yako inataka." Kisha nikasikia springi za Nkambo zikilia, upande mmoja, halafu mwingine. Watoto wakapiga kelele. Sijawahi kuzungusha chuma kwa nguvu namna ile, na injini iliwaka mara moja, nayo ilijua. Wewe unayejivunia kiti laini, jiulize: mtu mzima aliyefiwa na mume, anayeogopa kufiwa na kaka, anataka laini, au anataka kufika na heshima yake? Yule mama alisafiri kwenye mvua na mwavuli wazi juu ya kichwa, kama askofu kwenye maandamano, na kila kijiji tulichopita watu walisimama kuangalia.

Damiani hakurudi nyumbani. Alitupita akipiga klakisoni, honi yake, akitaka afike kwanza na kumwambia mgonjwa maneno yake. Alitupita vizuri, sikatai. Kwenye njia kavu ile motokari ilikuwa mshale. Tulivuka daraja la Lualaba peke yetu. Lakini mbele yake kuna kijito ambacho wakati wa kiangazi kuku anakivuka bila kulowa, na siku ile kilikuwa kimeshiba udongo mwekundu, kimepita juu ya magogo ya kuvukia. Katikati ya maji nikaona rangi ya maziwa. Imezimika. Maji yameingia kwenye zile nyaya nilizoziona, na Damiani yumo ndani, vioo vimefungwa, anajaribu kuiwasha, inakohoa tu. Njia ilikuwa nyembamba, ya gari moja. Hakuna wa kupita.

Nikashuka kutafuta mnyororo. Nilikuwa nimeinama chini ya kiti niliposikia Veronika: "Mama! Mama, ngoja!" Mama Ngalula alikuwa ameshuka, amefunga nguo yake juu ya magoti, anaingia majini. "Kaka yangu anakufwa," alisema, "mi nitaangaria motokari ya karani mpaka lini?" Alipita hatua kadhaa, akafika karibu na mlango wa Damiani, na pale mguu ukakosa gogo. Maji yakamchukua mpaka kifuani. Damiani alikuwa karibu naye kiasi cha kunyoosha mkono tu. Aliteremsha kioo. Mkono haukutoka. Mimi sikumbuki kukimbia. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimemshika mama wa Veronika kiunoni, mimi mposaji, nikampandisha mgongoni kama mtoto, mikono yake imenizunguka shingo, pumzi yake kwenye sikio langu, nikavuka naye mpaka ng'ambo na kumweka juu ya jiwe. Alijifunika uso wote kwa kitambala kilicholowa, akanipa mgongo. Nami nikampa wangu.

Veronika alikuwa amevuka nyuma yetu akishikilia motokari. Akamgeukia Damiani. "Juu ya nini hukumushika mama?"

Damiani akasema, kwa sauti ndogo, "Ni mama bukwe. Hatuwezi kumugusa."

"Aa! Leo umekumbuka mugini?"

Nilifunga mnyororo, Nkambo akarudi nyuma na kuitoa ile motokari kwenye maji kama anayetoa kambare kwenye tope. Tukaisukuma pembeni, nikafunga mnyororo upande wa nyuma wa Nkambo, nikavuka naye huku maji yakipita chini ya tumbo lake bila kulilamba, na ile mpya ikafuata kwa kukokotwa. Mama na binti wakapanda kiti chao cha nje, na hivyo ndivyo tulivyoingia Tenke: babu mbele, analia na kutoa moshi, na nyuma yake motokari ya kisasa imefungwa mnyororo, Damiani ameshika usukani usiokuwa na kazi. Watu wa reli walipiga miluzi. Siku hizi motokari ya mkwe wangu ikikataa kuwaka anasimama pembeni yake amekunja mikono, anangoja kipuri kutoka nchi nyingine. Naijua, ni nzuri, inakwenda kimya. Lakini mimi sijaona bado motokari ya kimya ikivuta nyingine.

Kaka yake Mama Ngalula hakuwa amekufa. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha chuma karibu na dirisha, amebaki macho na mifupa, na mke wake alikuwa anamnywesha uji kwa kijiko. Chumba kilinukia dawa na makaa. Mama Ngalula alikataa kuingia. Alikaa nje kwenye mkeka, chini ya dirisha, na wote tukasikia akisema na kaka yake kupitia hapo: "Yaya, kaka yangu, nimefika. Lakini muko jambo. Huyu kijana wa makelele alinigusa. Alinibeba ku mugongo mbele ya mutoto wangu. Siwezi kuingia mu nyumba na haya namna hii." Mimi nilikuwa nimesimama uani, matope mpaka mapajani. Nilijiambia, Feliksi, umemwokoa mama, umempoteza binti.

Mgonjwa akaomba ainuliwe. Akamwita kila mmoja kwa jina, akasikiliza habari ya kijito yote, mara mbili. Damiani, aliyekuwa amekwisha kukunja suruali yake na kuchana nywele, akaona njia yake. "Muyomba," alisema kwa adabu, "jambo haiko kubwa. Faini ya bukwe inalipwa na bukwe. Huyu hajatoa mali, hajakubaliwa, ni mupita njia. Mupita njia akitoa mama mu maji, tunamwambia aksanti, anarudia kwake. Haiko na faini." Nami nakubali mpaka leo: maneno yale yalikuwa ya sheria, na yalipangwa vizuri. Ndiyo sana, mgeni halipi faini ya ukwe. Anayelipa ni mtu wa nyumba. Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama anayekubali. Mke wake akaacha kukoroga uji. Hata Veronika, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, alishika fremu kwa mikono miwili.

Mzee akageuza uso dirishani. "Dada, umesikia karani. Nimwambie huyu aksanti?"

Mvua ilidondoka kwenye mabati. Kisha Mama Ngalula akasema, bila haraka, kila neno peke yake: "Aksanti ni ya mupita njia. Mi nalomba faini."

Damiani alielewa kabla yangu. Nilimwona akikaa chini. Mzee akacheka mpaka akakohoa, wakamshika mabega, na alipopata pumzi akaninyooshea kidole kimoja kikavu: "We wa makelele! Umesikia bukwe yako anasema nini? Unaleta ama hauleti?" Nikasema naleta. Sikuomba kupunguziwa, na atakayesema niliomba ananisingizia. Nilikwenda kwa mafundi wa reli na kuwauzia pine yangu ya akiba, taa ya nyuma na saa yangu ya mkono, nikaongeza na pesa zote zilizokuwa mfukoni, zimelowa, nikazianika juu ya kapo, kifuniko cha injini ya Nkambo, mpaka zikakauka. Jioni ile ile Mama Ngalula aliingia ndani kumsalimia kaka yake, na Veronika, huyu huyu bibi yangu wa karanga, akaniletea chakula barazani, akakaa. Faini niliyolipa: mbuzi jike, kitambala kipya cha kumfunika mama haya, na jogoo wa mzee, jumla franka mia sita themanini na tano.